Inkisari na Mazda Ndani ya Mchezo wa Hi-Fi Rush

Kila tukifika kwenye arudhi, kuna mtu wa kule nyuma darasani anayeuliza: mizani itatusaidia nini tukimaliza mtihani? Ama kwa hakika, jibu nililipata pahali ambapo sikulitarajia, katika mchezo wa video.

Mchezo wenyewe huitwa Hi-Fi Rush. Ulitengenezwa na Tango Gameworks ya Tokyo, Japani, ukiongozwa na John Johanas, na ulitolewa tarehe 25 Januari 2023, siku ile ile ulipotangazwa. Kampuni hiyo ilijulikana kwa michezo ya kutisha, basi watu walishangaa kuona rangi tele na gitaa. Shujaa ni kijana aitwaye Chai (ndiyo, Chai! Mtoto wa shangazi yangu alicheka hadi akashika mbavu). Chai anaenda kuwekewa mkono wa chuma, na kwa bahati mbaya chombo chake kidogo cha muziki kinanaswa kifuani. Tangu hapo kila kitu kinakwenda kwa mdundo: nyayo zake, mitambo, hata maroboti anayopigana nayo.

Sasa tuhesabu. Chukua wimbo wenye midundo 120 kwa dakika. Kila mdundo ni nusu sekunde. Pigo jepesi la Chai huchukua mdundo mmoja, pigo zito huchukua miwili, yaani sekunde nzima. Ukiyapanga mapigo hayo vizuri yanafungamana kama vipande vya mshororo, na mwishoni unabonyeza kitufe kwa wakati wake ili pigo la kufungia litoke na nguvu zaidi.

Je, ukiharakisha au ukichelewa? Katika Crypt of the NecroDancer, mchezo wa mwaka wa 2015, ukikosa mdundo hatua yako inapotea tu. Hilo ni guni, na limekataliwa! Hi-Fi Rush haifanyi hivyo. Ukibonyeza nje ya mdundo, mchezo unafupisha au unarefusha mwendo wa mkono wa Chai, almuradi gitaa limfikie adui mdundo unapolia.

Si hiyo ni inkisari na mazda? Mshairi mwenye mizani moja zaidi huandika "alokuja" badala ya "aliyekuja", silabi tano zikawa nne. Aliyepungukiwa huandika "enenda" badala ya "enda", mbili zikawa tatu. Neno linavutwa au linabanwa, lakini mizani haiguswi. Mkono wa Chai ni neno, mdundo ni mizani.

Mwenzangu mmoja wa chama hiki anasema huko ni kudekeza watu. Mimi nakataa kabisa. Kwanza, anayebonyeza sawasawa bado anaumiza adui zaidi na kupata alama nyingi, kwa hivyo bingwa hajaibiwa kitu. Pili, asiyejua mdundo anausikia ukitua sawa kila mara, hata mkono wake ukiwa umekosea, na sikio linajifunza polepole. Ninayeketi naye darasani hawezi kupiga makofi pamoja na kwaya. Nilimtazama akicheza, na kabla ya nusu saa kwisha alikuwa akitikisa kichwa sawasawa bila kujijua. Angefukuzwa kila akikosea, angeacha baada ya dakika tano, kama wengi wanavyoacha ushairi.

Mwaka huo wa 2023 mchezo huu ulipata tuzo ya usanifu wa sauti katika The Game Awards. Hata hivyo, Mei 2024 Microsoft, waliokuwa wenye kampuni, walitangaza kuifunga. Yaani sifa zote hizo, na bado watu waambiwe kazi imekwisha! Nafuu ilikuja Agosti 2024, wakati Krafton ya Korea Kusini ilipoichukua Tango pamoja na mchezo wenyewe.

Jambo la mwisho, kwa watakaoujaribu. Kuna maadui wanaokusimamisha na kukuonyesha mfululizo wa mapigo, kisha wanakushambulia kwa mfululizo huo huo, nawe unatakiwa kuyakinga yote, moja baada ya jingine. Hapo mkono wa Chai hauvutwi wala haubanwi. Hesabu kwa mguu, usitazame vidole.