Sheria Ndogo: Nani Huzitunga, Nani Huzidhibiti?



Wapendwa wasomaji, msimu wa mavuno ukifika hapa Katavi, magunia ya mahindi na mpunga husafirishwa kutoka vijijini kwenda Mpanda mjini. Njiani kuna kizuizi cha ushuru. Mkulima hutajiwa kiasi, hulipa na kuendelea na safari. Ni wachache wanaouliza kiasi hicho kimetoka wapi. Katika makala hii tunajifunza aina za sheria na udhibiti wake, ili tuweze kuuliza swali hilo kwa heshima na kwa ujuzi.

Ngazi za sheria

Juu kabisa ipo Katiba ya mwaka 1977. Chini yake zipo sheria kuu, ambazo hupitishwa na Bunge na kupata kibali cha Rais. Kisha zipo sheria ndogo: kanuni na amri za mawaziri, pamoja na sheria ndogo za halmashauri na vijiji. Bunge likiwa Dodoma haliwezi kupanga usafi wa kila soko la Mpanda. Kwa hiyo Ibara ya 97(5) ya Katiba inaliruhusu kukabidhi wengine madaraka ya kutunga kanuni. Hili linapatana na kanuni ya auni aliyoifundisha Papa Pius XI mwaka 1931: jambo linalowezwa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na iliyo kubwa.

Hata hivyo, aliyekabidhiwa mamlaka si mwenye mali. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria hukosa haki kwa njia tatu: isipolenga manufaa ya wote, mtungaji anapovuka mamlaka aliyopewa, au mizigo isipogawanywa kwa usawa.

Walinzi wanne

Kwanza ni wananchi. Kabla ya kutunga sheria ndogo, halmashauri hutakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake na kupokea mapingamizi. Ile ya kijiji hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya huiidhinisha.

Pili ni waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ambaye huidhinisha sheria ndogo za halmashauri. Baada ya hapo hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa sababu sheria iliyofichwa haiwezi kumfunga mtu.

Tatu ni Bunge, ambalo kupitia Kamati ya Sheria Ndogo huchunguza kama kanuni zinapatana na sheria iliyozizaa.

Nne ni mahakama. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke wa Kihaya kutumia ardhi ya ukoo aliyorithi, lakini si kuiuza. Holaria Pastory aliuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, naye Bernardo Ephrahim, ndugu wa ukoo, akapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba. Kanuni iliyodumu zaidi ya miaka ishirini ikashindwa na haki ya mwanamke mmoja.

Turudi kizuizini

Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao, uliokuwa ukifikia asilimia 5. Tangu hapo, halmashauri yoyote inayodai zaidi ya kiwango cha Bunge, hata kwa sheria ndogo yake, imevuka mamlaka. Hilo ndilo kosa la pili alilolitaja Mtakatifu Thoma.

Hatufundishi kukwepa ushuru, kwani Mtakatifu Paulo anatuagiza kumlipa anayestahili. Ushuru halali hujenga zahanati na barabara zetu. Lakini mkulima asiyejua sheria hulipa chochote anachoambiwa, na anayeumia zaidi ni mjane mwenye magunia mawili.

Basi tuhudhurie mikutano ya kijiji na mtaa, na tuombe kusomewa sheria ndogo kabla hazijapitishwa. Katika jumuiya zetu ndogondogo tujiulize: ni sheria ndogo ipi inayotugusa kila siku, na ni nani kati yetu amewahi kuisoma?