Piza ya Jikoni Kwetu: Somo kwa Vikundi vya Akina Mama

Ninyi mnaoishi huku juu Kinangop mnaijua mvua ya Aprili. Barabara inakuwa tope, lori la maziwa linakwama huko chini, na jioni mtu anabaki na ndoo imejaa. Chai mtakunywa, ndama atapewa, lakini huwezi kumpelekea jirani kwa sababu naye ana ng'ombe wake. Yanayobaki yanamwagwa. Mwaka jana katika kikundi chetu tulichoka kumwaga. Tukajiuliza: ni chakula gani kinachotaka maziwa mengi, nyanya na vitunguu vya shamba, na ambacho vijana wetu wanapanda matatu kwenda kukinunua mjini? Msichana mmoja akasema, piza. Watu wakacheka. Shosho mmoja akauliza kama hiyo si chapati iliyomwagikiwa mchuzi.

Shosho hakukosea sana. Piza tunayoijua ilitoka Napoli, mji wa bandari kule Italia, nayo ilikuwa chakula cha maskini kilichouzwa barabarani. Nyanya zake zilitoka Amerika, sawa na mahindi yetu. Kule wanaioka katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi zaidi ya 400, ikaiva kwa dakika moja na nusu hivi, na mwaka 2017 UNESCO iliuandika ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Hapa Kenya, Waitaliano waliohamia Malindi waliileta huko Pwani. Sisi hatuna tanuri la namna hiyo. Tuna jiko la makaa, kikaango cha chapati na sufuria, basi tukaanza na hivyo.

Tuanze na unga, maana hapa ndipo tulipoanguka kwanza. Kwa piza tatu za ukubwa wa chapati, chukua nusu kilo ya unga wa ngano wa kawaida. Usichukue ule unga wa kujiumua wenyewe. Tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Neno hili hamira linatuchanganya, kwa kuwa wengine huita hivyo hata ile poda ya keki. Tunayotaka hapa ni hamira ya mkate, yaani vile vidudu hai vilivyokaushwa vikawa chembechembe. Ni hai kweli, na vinaweza kufa.

Sisi tuliviua. Asubuhi ile ilikuwa baridi, na mmoja wetu akaona heri amimine maji ya birika moja kwa moja. Tukakanda, tukafunika, tukangoja saa tatu. Donge likalala pale kama jiwe. Unga wa watu kumi na wawili! Tukalazimika kuusukuma chapati, na zikawa ngumu.

Kwa hiyo fanya hivi. Pima maji robo tatu ya lita kwa kila kilo ya unga, lakini usiyatie yote mara moja, kwa maana unga hautofautiani kwa jina tu, mwingine unakunywa zaidi. Kwa nusu kilo ni vikombe vya chai viwili hivi, vile vidogo. Yawe ya uvuguvugu: dondosha tone kwenye kifundo cha mkono, jinsi unavyopima maziwa ya mtoto. Yakikuchoma wewe, yatachoma na hamira. Koroga hamira na kijiko cha sukari katika maji kidogo, ungoje dakika 10. Ikifanya povu, iko hai. Isipofanya, usipoteze unga wako, nenda ununue nyingine. Pakiti ikishafunguliwa huishiwa nguvu upesi, kwa hivyo ifunge vizuri uiweke pakavu.

Kisha kanda. Dakika 10 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Ukandaji ndio unaoufanya unga uvutike na kushika hewa ya hamira. Donge likiwa laini kama ndewe ya sikio na haling'ang'anii tena mikono, limeiva kukandwa. Lipake mafuta, lifunike kwa kitambaa kibichi, liache mpaka liwe mara mbili ya ukubwa wake. Mahali pa joto ni saa moja na nusu. Huku kwetu ni saa mbili na zaidi, hata ukiliweka karibu na jiko. Wengine wetu sasa wanakanda jioni kwa nusu ya hamira ile na kuliacha usiku kucha, na kusema kweli la usiku lina ladha nzuri kuliko la haraka.

Sasa maziwa. Chemsha lita mbili, epua, halafu tia maji ya limau vijiko vinne vikubwa, kidogo kidogo, ukikoroga polepole. Maziwa yatajitenga: mabonge meupe juu, maji ya kijanikijani chini. Yasipojitenga ongeza limau kidogo. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, tia chumvi. Utapata jibini zaidi kidogo ya robo kilo, inayotosha piza tatu. Yale maji usiyamwage, kandia donge linalofuata.

Tuwaambie ukweli kuhusu jibini hii, tusije tukalaumiwa. Haivutiki kama nyuzi jinsi mlivyoona kwenye picha. Jibini ya Napoli hugandishwa kwa dawa inayotoka tumboni mwa ndama, kisha huvutwa ndani ya maji ya moto, na ndiyo maana inayeyuka. Yetu ya limau haiyeyuki hata ukiichoma mpaka kesho. Inabaki vipande na kupata rangi ya kahawia. Vijana walinung'unika, lakini walimaliza. Kama mna pesa, changanyeni na ya dukani kidogo juu yake. Ya limau ikae mahali pa baridi, na iliwe ndani ya siku mbili.

Nyanya sita zilizoiva sana, zimenye, uzikatekate na uzipike na kitunguu saumu na chumvi mpaka maji yakauke kabisa. Mchuzi wenye maji unalowesha unga, na piza inakuwa uji katikati. Kosa lingine ni tamaa: hoho, kitunguu, nyama ya jana, yai, vyote juu ya piza moja. Weka viwili, kata vyembamba.

Upikaji wenyewe ni huu. Gawa donge mara tatu. Usisukume kwa kifimbo, utaitoa hewa yote uliyoingoja. Bonyeza kwa vidole kutoka katikati, ukiacha ukingo mnene kidogo. Weka kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani kwa dakika mbili au tatu, mpaka chini pashike madoa. Geuza. Upande ulioiva sasa uko juu. Huo ndio unaoupaka nyanya na kuweka jibini, na juani au mvuani fanya haraka. Funika na sufuria pana iliyoinamishwa, juu ya tako lake weka makaa yaliyowaka, na yale ya chini uyapunguze. Moto wa juu uushinde wa chini. Dakika 8 hadi 10, chungulia. Kazi hii ifanyeni nje au mlango ukiwa wazi, maana makaa yana hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua.

Na sasa hesabu, ambayo tuliisomea kwa machozi. Pakiti ya kilo 2 inatoa piza 12. Ukikata kila moja vipande sita, una vipande 72. Mara ya kwanza tuliuza vyote 72 kabla ya saa saba, tukapiga vigelegele, halafu mweka hazina akaketi na daftari lake. Hatukuwa na pesa za kununua pakiti nyingine. Bei tuliikisia. Tulihesabu unga na hamira, tukasahau makaa, mafuta na limau. Jumlisha kila kitu, gawa kwa 72, ndipo uongeze faida.

Kuhusu maziwa tulibishana sana. Wengine walisema yasihesabiwe, kwani yangemwagwa. Sisi tukakata kwamba yahesabiwe kwa bei ileile ya lori, na kila mama aliyeleta alipwe, hata kama ni Aprili. Tope likikauka, nani ataleta lita nane za bure?

Na lilikauka. Kufikia Juni lori lilikuwa linapanda tena, na maziwa mengi yakarudi huko. Siku hizi tunapika Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, piza 12, kwa bei iliyohesabiwa. Shosho yule bado anaziita chapati, naye huja na sahani yake mwenyewe.