SOMO LA AFYA: MPE MZEE SIMU AONGEE MWENYEWE



Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Aliyeingia akiwa na miaka 45, leo amepita miaka 70. Kati ya wale aliovuka nao Ziwa Tanganyika, wengine wamefariki, wengine wamerudi nyumbani, wengine wamehamishiwa Marekani au Kanada.

Jioni simu inalia. Kijana anatoka nayo nje, anaongea, kisha anarudi na kusema, "Babu, wamekusalimu." Babu amepata salamu, lakini hakusikia sauti ya mwanawe.

Je, upweke ni ugonjwa?

Upweke si ugonjwa, lakini unaleta magonjwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo, kisukari, sonona na kupungua kwa kumbukumbu. Ukiona mzee hataki kula, halali vizuri, ameacha dawa zake au hatoki nje, usiseme, "Ni uzee tu." Mwambie mhudumu wa afya.

Msaidie hivi:

1. Mpe simu mkononi. Yeye aongee kwanza, wewe baadaye. Mwache aongee bila kusikilizwa akitaka.

2. Kama hasikii vizuri, washa kipaza sauti na zima redio. Akiendelea kutosikia, mpeleke kituo cha afya. Huenda ni nta iliyoziba sikio, nayo inaweza kutolewa. Usimchokonoe kwa kijiti.

3. Kama haoni namba au hajui kusoma, weka namba ya mwanawe kwenye kitufe kimoja. Simu nyingi za vitufe zinakubali: akikibonyeza kwa muda, simu inapiga yenyewe. Mfundishe kidogo kidogo, bila kumcheka.

4. Pangeni siku na saa ya kupigiana, na simu ichajiwe mapema. Mzee anayejua kwamba Jumapili ataongea na wajukuu ana jambo la kungojea.

5. Kama amepotezana na ndugu zake, aulize watu wa Msalaba Mwekundu. Wao husaidia kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita, bila malipo.

Tahadhari

Mzee asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri. Akipigiwa na mtu anayedai pesa ili jina lake liwekwe kwenye safari ya nchi ya tatu, huyo ni tapeli. Huduma hiyo hailipiwi.

Habari ya msiba isimfikie mzee akiwa peke yake na simu. Aketi na mtu anayemwamini.

Kumbuka: simu haichoti maji wala haipiki uji. Mzee asiye na mtu wa kumpigia bado anahitaji jirani wa kubisha hodi.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Mzee wa hapa ameongea na nani wiki hii?
- Ni nani angependa kusikia sauti yake, na bado hatujampigia?
- Katika mtaa wetu, ni mzee gani hana mtu kabisa? Nani atamtembelea kesho?