Mshahara wa dirhamu 2,500 utatosha Dubai?

SWALI: Nimepata kazi ya uhudumu wa mgahawa Dubai, mshahara dirhamu 2,500 kwa mwezi. Nitaweza kuishi na bado nitume pesa nyumbani Mombasa?

JIBU: Utaweza, ila inategemea nani analipia nyumba. Kabla hujasaini, uliza kama mwajiri anatoa malazi na usafiri. Akitoa, kiasi kikubwa kitabaki mkononi, maana huko mshahara haukatwi kodi ya mapato. Asipotoa, sahau chumba cha peke yako. Wenye kipato kama chako hupanga kitanda tu, katika chumba cha watu kadhaa, mitaa kama Deira au Satwa. Wengine hukimbilia mji jirani wa Sharjah kwenye kodi nafuu ya nyumba, kisha foleni za barabarani zikawalia muda wote wa kupumzika. Mimi ningechagua kitanda karibu na stesheni ya metro.

Usome mkataba kwa makini: mshahara wa msingi ni kiasi gani, posho ni kiasi gani? Kiinua mgongo huhesabiwa kwa ule wa msingi peke yake, malipo ya siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, ukishatimiza mwaka mmoja kazini. Wakala akitaka ulipie viza ya kazi, kataa. Kisheria gharama hiyo ni ya mwajiri. Pasipoti nayo ikae kwako.

Na tafadhali, waambie wazee mapema kwamba miezi miwili ya mwanzo wasitegemee kitu.