Setilaiti Inaweza Kuona Shamba Langu? Jinsi ya Kujitafutia Jibu



Kikundi kimoja cha akina mama wakulima wa chai upande huu wetu wa Kaplong kilituletea swali. Bwana mmoja aliwatembelea siku ya mkutano wao akawaeleza habari za bima ya kisasa. Ati setilaiti itakuwa inaangalia mashamba yao kutoka juu, na mvua ya mawe ikipiga majani chai, basi pesa zitaingia kwenye simu bila mtu yeyote kuja kukagua. Kila mwanachama atoe shilingi 500. Wanachama ni 32, kwa hivyo ni shilingi 16,000, na pesa hizo ndizo wanazokopeshana wakati wa karo. Mweka hazina alikataa kufungua sanduku. Akauliza: hiyo setilaiti inaona mvua ya mawe kweli?

Swali kama hilo kikundi kinaweza kulitafutia jibu chenyewe, bila kungoja mtaalamu kutoka Nairobi. Kinachohitajika ni maktaba, intaneti, na kijana mmoja wa Fomu Three mwenye subira.

Kwanza, anza na swali lako, usianze na setilaiti. Ukiingia maktaba useme unataka kusoma mambo ya setilaiti, utapewa kitabu kinene cha roketi. Utajifunza kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, karibu na Malindi, kuchunguza nyota. Habari tamu, na ni ya hapa kwetu Kenya, lakini haitaokoa majani chai. Sema hivi: "Nataka kujua kama picha za kutoka angani zinaweza kuonyesha shamba la nusu ekari lililopigwa na mvua ya mawe." Hapo mkutubi anajua pa kuanzia.

Kwenye maktaba ya taifa pale Kericho, ulizia kitabu cha UNEP cha mwaka 2009, Kenya: Atlas of Our Changing Environment. Kisipokuwepo kwenye rafu, kinapatikana bure kwenye intaneti. Kimejaa picha za setilaiti za mahali tunapopajua, zikiwekwa za zamani na za karibuni pamoja. Tazameni zile za Mau. Mwaka 2001 serikali ilitoa hekta 61,586 za msitu huo zigawiwe watu, na mabadiliko unayaona kwa macho. Sisi tunaochota maji ya Kipsonoi hatuwezi kusema hayo ni mambo ya watu wa mbali. Lakini soma maelezo yaliyo chini ya picha kabla ya kupiga kelele. Picha nyingi za namna hii hupakwa rangi za kutengenezwa, na mara nyingi majani mabichi huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Kuna mzee aliyeona picha kama hiyo akadhani msitu wote unawaka moto!

Sasa twende kwenye intaneti, iwe saiba au simu ya huyo kijana. Huko kuna mengi, na mengine ni matangazo ya biashara tu. Kila picha utakayoiona iulize: nani aliipiga, aliipiga lini, na mraba wake mmoja ni mkubwa kiasi gani. La tarehe watu hulisahau sana. Ukifungua Google Earth ukaona boma lako halina lile banda jipya la ng'ombe, usishangae. Picha hiyo huenda ni ya miaka mitatu iliyopita. Hakuna mtu anayekutazama saa hii.

Kuhusu mraba tukae kidogo, kwa maana hapo ndipo ukweli ulipojificha. Picha ya setilaiti imeundwa kwa miraba midogo kama kitambaa kilichofumwa, na kila mraba una rangi moja tu. Setilaiti za Marekani za Landsat, zilizoanza mwaka 1972, mraba wake ni meta 30 kwa 30. Ekari moja inapata miraba minne na nusu hivi. Kwa hiyo nusu ekari yako ni miraba miwili tu, na hata hiyo inachanganyika na ya jirani. Sentinel-2 za Ulaya ni bora zaidi: mraba ni meta 10, yaani ekari ni miraba 40 hivi, na hupita kila baada ya siku tano. Picha za zote mbili ni bure, za Landsat tangu mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia picha hizo, mwulize anauza nini.

Tena kuna mawingu. Kamera ya setilaiti haioni kupitia wingu. Setilaiti za rada huona, lakini picha yake yahitaji mtu aliyesomea kuifasiri. Bahati yetu ni kwamba Sentinel-2 hupita kama saa nne na nusu asubuhi, na huku kwetu mvua hupenda kuja mchana.

Na mvua ya mawe je? Setilaiti za hali ya hewa huona wingu kubwa la dhoruba likipanda. Haziwezi kusema mawe yameanguka kwa nani. Hesabu za mvua zinazotengenezwa kwa kutumia setilaiti ni za eneo pana. Ile iitwayo CHIRPS, yenye kumbukumbu tangu 1981, mraba wake una kilometa tano na nusu hivi kila upande. Ndani yake mna ekari zaidi ya 7,000. Nanyi mnajua mvua ya mawe ya hapa: hupiga kilima hiki, cha pili wanachuma kama kawaida. Halafu kuna jambo ambalo mkulima wa chai atalifahamu kuliko mwenye kompyuta. Chai iliyokatwa kwa ajili ya kuchipua upya, ukiitazama kutoka juu, nayo haina majani. Setilaiti itajuaje kama ni mawe au ni panga lako?

Hii haina maana bima ya setilaiti ni uongo. Mwezi wa Januari 2010, kituo cha utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na wenzake walianzisha bima ya namna hiyo huko Marsabit. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukipungua mno, mfugaji hulipwa. Inafaa kule kwa sababu ukame hushika wilaya nzima kwa pamoja. Mawe hayafanyi hivyo. Kwa hiyo usiulize tu kama chombo ni kizuri, uliza kama kinafaa kazi hii.

Wale akina mama waliandika maswali yao kwenye karatasi moja: ni setilaiti gani, mraba wake ni wa ukubwa gani, inapima mvua au majani, nani anaamua kulipa, na kampuni iko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kusimamia Bima au la. Orodha hiyo hutangazwa kwenye intaneti, mtu yeyote aweza kuisoma. Yule bwana aliahidi kuleta majibu kwa maandishi. Mpaka tunapoandika haya, bado anangojewa.

Kazi ya kikundi kwa mkutano ujao: chagueni sehemu moja ya mto au chemchemi mnayoijua vizuri. Kijana atafute picha zake mbili za bure, moja ya zamani na moja ya karibuni, zote za mwezi mmoja, maana picha ya kiangazi na ya masika hazilinganishwi. Katibu aandike tarehe na ukubwa wa mraba. Kisha nendeni mahali penyewe kwa miguu, pamoja na mzee au kogo anayekumbuka pale palivyokuwa, mwone picha imesema nini na yeye anasema nini. Mahali wanapotofautiana, tuandikieni.