KUJIFUNZA HISABATI BILA MWALIMU

Katika elimu zote za sayansi, hisabati ndiyo ambayo kijana aweza kuianza peke yake kwa gharama ndogo kabisa. Haidai maabara wala mitambo. Yatosha kitabu, kalamu, karatasi na utulivu. Hata hivyo, ajifunzaye peke yake hukabiliwa na hatari moja kubwa: hana mtu wa kumwonya anapokosea. Aweza kufuata njia mbovu kwa muda mrefu huku akiamini kuwa yu sawa. Makala haya yanaeleza jinsi uthibitisho unavyomkinga mtu na hatari hiyo, na jinsi msichana mmoja wa Ufaransa alivyofaidika, na pia alivyopata hasara, kwa kujifundisha mwenyewe.

Msichana wa Paris

Sophie Germain alizaliwa Paris tarehe 1 Aprili 1776. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye maktaba nyumbani. Mwaka 1789 mapinduzi yalipozuka na mitaa ya mji kujaa ghasia, Sophie, ambaye alikuwa na umri wa miaka 13, alilazimika kushinda ndani. Katika maktaba hiyo alikuta kitabu cha Montucla cha historia ya hisabati, na humo akasoma habari za Archimedes wa Syracuse. Inasimuliwa kwamba bingwa huyo aliuawa na askari wa Kirumi mwaka 212 K.K. kwa sababu alizama mno katika umbo la jiometri hata asimjibu. Sophie aliona kuwa elimu iwezayo kumteka mtu kiasi hicho yastahili kujulikana.

Wazazi wake hawakupendezwa, kwani wakati ule hisabati haikuhesabiwa kuwa elimu ya kumfaa msichana. Inasimuliwa kwamba walimnyang'anya mishumaa, wakauzima moto wa chumbani mwake na kumwondolea nguo za joto ili asikeshe. Yeye alijifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyokuwa ameificha, na kusoma hata katika usiku wa baridi iliyogandisha wino. Hatimaye wazazi walimwacha. Alijifundisha Kilatini ili apate kusoma maandishi ya Newton na Euler, na kwa njia hiyo akaingia katika kalkulasi, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika mfululizo, mathalani mwendo wa jiwe linaloanguka.

Mwaka 1794 kilianzishwa mjini Paris chuo kilichokuja kuitwa École Polytechnique. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Sophie alipata maandishi ya mihadhara ya chuo hicho, akapeleka kazi yake kwa Lagrange, mmoja wa mabingwa waliofundisha pale, akitumia jina la mwanafunzi wa kiume, Le Blanc. Lagrange alivutiwa na kazi ile. Alipogundua ukweli, hakumfukuza. Alimtia moyo aendelee.

Kwa nini kupima hakutoshi

Ajifunzaye hisabati bila mwalimu hana budi kuwa hakimu wa kazi yake mwenyewe, na sheria ya hakimu huyo ni uthibitisho. Uthibitisho ni mfululizo wa hoja ambao kila hatua yake hutokana na jambo lililokwisha kukubaliwa, mpaka jambo linalotafutwa lifikiwe.

Chukua mfano wa jiometri. Mtu akichora pembetatu na kupima pembe zake, atapata jumla iliyo karibu na nyuzi 180. Pengine 179, pengine 181. Hata akipima pembetatu 1,000, atakuwa na habari za hizo 1,000 tu. Sasa achore pembetatu ABC, kisha apitishe katika A mstari ulio sambamba na BC. Pembe iliyo kati ya mstari huo na AB ni sawa na pembe B, na iliyo kati ya mstari huo na AC ni sawa na pembe C, kwa kuwa ni pembe mbadala za mistari sambamba. Pembe tatu zilizokutana pale A hufanya mstari mnyofu, yaani nyuzi 180. Hoja hii haikutaja ukubwa wa pembetatu wala umbo lake. Kwa hiyo inazihusu pembetatu zote, hata zile ambazo hakuna aliyepata kuzichora.

Mfano wa pili unaonyesha jinsi majaribio mengi yawezavyo kudanganya. Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Katika n² + n + 41, weka n = 0, 1, 2, 3; utapata 41, 43, 47, 53, zote tasa. Endelea hadi n = 39, na kila mara utapata namba tasa. Baada ya majaribio 40 yaliyofaulu, nani asingeamini kuwa hiyo ni kanuni? Lakini n ikiwa 40, jawabu ni 40 × 41 + 41, yaani 41 × 41, ambayo ni 1,681. Namba hii si tasa, na kanuni imevunjika.

Mfano wa tatu ni mlinganyo unaoitwa kwa jina la Sophie Germain. Je, n⁴ + 4 yaweza kuwa namba tasa ikiwa n ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1? Ongeza 4n², kisha uitoe:

n⁴ + 4 = (n⁴ + 4n² + 4) − 4n² = (n² + 2)² − (2n)²

Hii ni tofauti ya miraba miwili. Kwa hiyo:

n⁴ + 4 = (n² + 2n + 2)(n² − 2n + 2)

Kigawo kilicho kidogo ni sawa na (n − 1)² + 1, nacho huzidi 1 kila n inapozidi 1. Basi n⁴ + 4 haiwezi kuwa tasa. Kwa mfano, n ikiwa 5, tunapata 629, ambayo ni 37 × 17. Mistari miwili ya hoja imemaliza kazi ambayo majaribio yasiyo na mwisho yasingeweza kuimaliza.

Gharama ya kusoma peke yake

Mwaka 1808 Ernst Chladni aliwaonyesha wataalamu wa Paris jambo la ajabu. Alinyunyiza mchanga juu ya bamba jembamba, akalitikisa kwa kulipitishia uta wa fidla ukingoni, na mchanga ukajipanga katika michoro ya kupendeza. Mwaka 1809 ilitangazwa tuzo kwa atakayeeleza jambo hilo kwa hisabati. Mwaka 1811 insha moja tu ilipokelewa, nayo ilikuwa ya Sophie Germain.

Haikushinda. Wazo lake la msingi lilikuwa na thamani, lakini kalkulasi yake ilikuwa na makosa. Alikuwa amesoma mengi na kwa bidii kubwa, lakini kwa kuokota hapa na pale, wala hakupata mtu wa kumpitisha katika elimu hiyo hatua kwa hatua. Mapengo yale hakuyaona mwenyewe. Lagrange, aliyekuwa miongoni mwa waamuzi, alionyesha mlinganyo sahihi uliopaswa kutokana na wazo lile.

Sophie hakukata tamaa. Mwaka 1813 aliandika tena, akatajwa kwa heshima. Mwaka 1816 alipewa tuzo, ijapokuwa waamuzi hawakuridhika kabisa na baadhi ya hatua zake. Alifariki tarehe 27 Juni 1831.

Basi kijana ajifunzaye mwenyewe azingatie mambo mawili. Kwanza, asikubali kanuni yoyote kwa kuwa tu imechapishwa kitabuni au imefaulu katika mifano. Afunike kitabu na kujaribu kuithibitisha. Pili, ampe mtu mwingine uthibitisho wake ausome, kwani jicho la mwandishi huruka pengo lake mwenyewe.

Mazoezi

1. Thibitisha kuwa jumla ya pembe za umbo la pande nne ni nyuzi 360.

2. Thibitisha kuwa n³ − n hugawanyika kwa 6 daima, ikiwa n ni namba nzima.

3. Shamba la mstatili lina mzingo wa mita 40. Thibitisha, kwa kalkulasi na kisha bila kalkulasi, kuwa eneo lake haliwezi kuzidi mita za mraba 100.

Baada ya kuandika majibu, mpe mwenzako ayasome. Kila mahali atakapouliza "kwa nini?" nawe ukakosa la kusema, hapo ndipo pa kuanzia upya.