Njaa ya Paka ni Dhulma, Unene Wake ni Maradhi

Safu hii huzungumzia zaidi afya ya watu. Leo tumtazame mnyama anayelala sebuleni na kupita jikoni katika nyumba nyingi za Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale, naye ni paka. Uzito wake unatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ni amana tutakayoulizwa. Pili, paka asiyetunzwa huweza kuleta maradhi ndani ya nyumba.

Dini inasemaje?
Imepokewa kwa Ibn Umar (r.a), katika Bukhari na Muslim, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Katika Abu Daud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w) alipita kwa ngamia aliyekonda hata mgongo ukagandana na tumbo, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu kuhusu wanyama hawa wasiosema. Mnyama hawezi kushitaki, mwili wake ndio unaomsemea.

"Paka akishiba hakamati panya"
Kauli hii ndiyo inayowakondesha paka wengi mitaani kwetu, nayo si sahihi. Paka huwinda kwa silika, hata akiwa ameshiba. Mwenye njaa kali hudhoofu, huhamia jalalani na kufunua masufuria yako. Na akila panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Basi mlishe, na panya atawinda vilevile.

Mpime hivi
1. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zikionekana kwa mbali, amekonda. Ukizigusa kwa urahisi chini ya ngozi, yuko sawa. Usipozipata mpaka ubonyeze, amenenepa kupita kiasi.
2. Mtazame kwa juu. Paka mwenye afya ana kiuno kidogo nyuma ya mbavu.
3. Panda kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Paka mkubwa wa kawaida huwa na kilo 3 na nusu hadi 5, kutegemea umbo lake.

Akikonda
Kama anakula lakini hanenepi, shuku minyoo. Watoto wa paka hupata minyoo kupitia maziwa ya mama yao, wakawa na tumbo kubwa na mgongo mwembamba. Anahitaji dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Usimpe dawa za binadamu kwa kukisia. Paracetamol, ambayo kwetu ni dawa ya kawaida, humuua paka.

Akinenepa
Huyu ni paka anayelala ndani kutwa, na kila mwenye sahani humtupia kitu, hasa nyakati za futari na sikukuu. Unene humletea kisukari na maumivu ya viungo. Lakini usimfungishe ghafla! Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na huweza kumuua. Punguza kidogo kidogo. Mwenye kilo 6 akipungua robo kilo kwa mwezi, inatosha. Mtu mmoja tu nyumbani apewe kazi ya kumlisha, na watoto wamchezeshe kwa kamba ili akimbie.

Chakula chake
Paka ni mla nyama. Mwili wake unahitaji taurini, inayopatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu moyo na macho huharibika. Kwa hiyo ugali mtupu au wali mtupu haumfai. Mpe dagaa, samaki au utumbo uliopikwa bila chumvi nyingi, mara mbili kwa siku, na maji safi wakati wote. Epuka kitunguu maji na kitunguu saumu, kwani huharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Mifupa iliyopikwa usimpe, humchoma tumboni.

Usafi wa nyumba
Nyama mbichi na panya humwambukiza paka vijidudu vya toksoplazma, ambavyo hutoka kwenye kinyesi chake na ni hatari kwa mimba. Kinyesi kizolewe kila siku, kabla vijidudu havijakomaa, na mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na paka na kabla ya kula.

Paka akikonda ghafla au akiacha kula kwa siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umwulize pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua.

Ndugu msomaji, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tuwatunze wanyama wetu. Muislamu alishaamrishwa hilo kabla ya sheria hiyo. Leo, kabla ya kulala, pitisha vidole ubavuni mwa paka wako.

Wabillahi tawfiq.